Namba Aliyoiita Tasa

Homa Bay, 13 Februari 1966

Kwa Ami Abdurahman, Isebania

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na mama mdogo na watoto. Sisi huku ni wazima, ila goti la mama linamsumbua na ukame umekausha kisima cha nyuma ya msikiti, kwa hiyo tunateka maji ziwani kama watu wengine. Shuleni wamenipa hesabu za darasa la saba. Wavulana walinung'unika kufundishwa na mwanamke, sasa wamezoea.

Ami, nakuandikia kwa jambo moja. Wazee walioandamana na Idris walikuja kwako Rajabu iliyopita wakaleta posa. Uliwapa chai, ukawaambia utajibu baada ya Ramadhani. Ramadhani imekwisha, Idi imepita, na hujasema kitu. Tangu baba afariki wewe ndiye walii wangu. Bila neno lako hakuna sheikh atakayetufungisha ndoa.

Unamjua Idris. Ndiye dresa wa hospitali aliyekufunga mkono ulipoumia kwenye lori. Kazini bado wanamwita Elkanah, jina alilozaliwa nalo huko Mbita, lakini huu ni mwaka wa tatu tangu asilimu, na anayetaka kujua kama anaswali aende msikitini alfajiri akaone.

Naomba jibu. Nisalimie nyumba nzima.

Wako katika utiifu,
Kultum binti Abdullah


Isebania, 9 Machi 1966

Kwa mwanangu Kultum

Waalaykumu salaam. Barua yako imefika. Huku hatujambo. Biashara ni ya kusukuma. Askari wa mpakani wanapekua magunia hadi mtama unamwagika barabarani, kisha wanatuambia tuzoe. Mdogo wenu wa mwisho ameota meno ya mbele na anauma kila mtu. Mwambie shemeji akande goti kwa mafuta ya ufuta.

Kuhusu ulichouliza. Sikukaa kimya kwa kupuuza. Nilitafuta uhakika. Yuko huku maalim wa falaki aliyetoka upande wa Musoma, mtu mwenye elimu, anayesoma majina na nyota. Nilimpa jina lako na la mama yako, na la huyo mtu na la mama yake. Alikaa barazani kwangu asubuhi nzima akipiga hesabu. Mwisho aliandika namba moja tu: 1111111. Moja saba zimesimama kwa safu.

Akaniambia, "Igawanye kwa tatu uone." Ikabaki moja. Kwa saba ikabaki moja. Kwa kumi na moja, moja. Kwa kumi na tatu, moja. Nilifanya mwenyewe kwenye karatasi ya kufungia sukari, kwa hiyo usidhani nimedanganywa. Maalim akasema namba ya namna hiyo inaitwa tasa. Haigawiki na haizai. Na ile moja inayobaki kila mara ni wewe, mwanangu, umebaki peke yako mlangoni bila mume wala mtoto.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Sitaki kulirudia.

Ami yako,
Abdurahman


Homa Bay, 27 Machi 1966

Kwa Ami Abdurahman

Assalaam alaykum. Mama anashukuru kwa mafuta. Mvua zimeanza na paa la darasa langu linavuja.

Ami, nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali unaposema kwamba Idris ni mlevi, au mwizi, au ana mke mwingine, au haswali. Sikupaona. Nimekuta namba. Umenikatalia mume kwa sababu ya namba, na umemwandikia hivyo mwalimu wa hesabu.

Nakuheshimu, lakini nitasema. Kwanza, abjadi, hesabu ya herufi za majina, tulifundishwa wote chuoni. Jina langu ni mia tano tisini na sita. Idris ni mia mbili sabini na tano. Ukiyazidisha unapata 163900, ina sifuri mbili mkiani na inagawika kwa mbili, kwa nne, kwa tano, kwa kumi na kwa mia. Sijui maalim wako alipita njia gani hadi akafika kwenye moja saba zilizopangwa vizuri namna hiyo. Naamini aliichagua dukani kama mtu anavyochagua kitambaa, kwa kuwa inapendeza macho.

Pili, muulize kwa nini alisimama kwenye kumi na tatu. Angejaribu kumi na saba, isingebaki moja. Inabaki nane. Kwa kumi na tisa inabaki kumi. Hao wanane na hao kumi nao ni mimi? Nitasimama mlangoni na umati wote huo?

Tatu, kujaribu namba nne hakutoshi kusema kwamba haigawiki. Itabidi ujaribu kila namba tasa kwa utaratibu, na kwa hii ni lazima uende mpaka elfu moja na hamsini na nne. Huna haja ya kwenda mbele ya hapo, kwa sababu namba mbili zote zikizidi hapo, zikizidishwa zitapita milioni moja na laki moja na ushee. Maalim wako hakufika hata ishirini. Mimi nimeanza. Nikifika mwisho bila kupata kitu, nitakwambia, kwa kuwa sidanganyi kwenye hesabu.

Nilimweleza Idris. Aliuliza, "Na kama kweli haigawiki?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi tutaibeba nzima."

Huyo ndiye unayemwita "huyo mtu".

Kultum


Isebania, 30 Aprili 1966

Kwa Kultum

Waalaykumu salaam. Barua yako imechelewa. Mto Kuja umefurika na magari yamelala ng'ambo siku nyingi. Sukari imepanda, mafuta ya taa hakuna. Mtoto anaharisha kidogo lakini anacheza.

Nimesoma matusi yako. Baba yako Abdullah, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniinulia sauti, hata tulipogombana juu ya duka la Homa Bay. Wewe unaniandikia kana kwamba mimi ni mwanafunzi wako wa darasa la saba. Umefika wapi na kugawanya kwako? Maalim alicheka nilipomsomea. Alisema mwanamke anayetafuta mume kwa kugawanya atapata mabaki.

Sasa nisikilize bila kalamu mkononi. Huyo mtu ni wa kule visiwani. Kusilimu kumebadilisha jina lake, hakukubadilisha ndugu zake. Siku akifa, mchana kaburi linafukiwa, jioni kaka yake anakuja kukurithi pamoja na jembe na ng'ombe. Utasema wewe ni Mwislamu. Watasema wewe ni mke wao. Ukikataa watachukua watoto, na ukikubali umetupotea. Usiniambie hayapo. Muulize

Hakuna wa kumuuliza. Niamini mimi.

Tafuta kazi ya kukushughulisha jioni, namba hiyo itakupofusha.

Abdurahman


Homa Bay, 22 Mei 1966

Kwa Ami Abdurahman, na kwa maalim wake akiwa bado anakula kwako

Assalaam alaykum. Mtoto amepona? Mama ameshinda akimwombea.

Nimeipata. Ni 239. Ukizidisha 239 kwa 4649 unapata 1111111 kamili, haibaki hata moja. Wala mimi sikubaki.

Nitakuonyesha nilivyokwenda ili usiseme nimeokota. Nilijaribu kwa mpangilio: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, na kuendelea, nikiacha zile ambazo zenyewe zinagawika, kwa maana mtoto hawezi kuingia mahali mama yake ameshindwa. Thelathini na saba ilinipa moja ileile ya maalim wako, nikaona hasira nusura nichane karatasi. Mia moja na moja ilinipa kumi. Nilifanya mapumziko ya saa nne shuleni, nikafanya nikisubiri ugali uive. Wanafunzi wangu wakubwa waliona ubao haujafutwa, wakaanza kunisaidia bila kuambiwa. Tulipofika 239, hesabu ilishuka ikaisha.

Kisha tuliigeuza tuone upande wa pili. Ukigawanya moja kwa 239 kwa desimali, baada ya nukta unapata 0041841, halafu 0041841 tena, halafu tena, haina mwisho. Na ukizidisha moja hizo saba kwa zenyewe unapata 1234567654321. Inapanda mpaka saba ikashuka, kama mtu aliyepanda mlima wa Asego akarudi kwa njia aliyopandia. Hii ndiyo namba mliyoiita mkosi. Mimi sijawahi kuona namba yenye adabu kama hii.

Tena jambo moja. Uliandika "Muulize", ukakata, ukaruka mstari. Ami, wewe ni mtu unayepima tone la mwisho la mafuta. Hukati neno bure. Nimuulize nani?

Nangoja tarehe ya ndoa, na jina hilo.

Kultum


Isebania, 3 Julai 1966

Kwa Kultum

Waalaykumu salaam. Mtoto mzima. Tanzania wametoa noti zao wenyewe, na wateja wa Sirare wanakuja na pesa za sura mbili mfukoni. Nusu ya siku naimaliza kubishana.

Nilimpa maalim hesabu yako. Akasema sawa, lakini 239 nayo haigawiki, na 4649 nayo haigawiki, kwa hiyo badala ya tasa mmoja sasa wapo wawili, na nyumba yenye tasa wawili ni mbaya kuliko ya mmoja. Nikamuuliza mbona hakuyaona hayo mwanzo. Akasema nyota zilikuwa zimefunikwa.

Nikachukua kalamu. Wateja walikuwa wamesimama kaunta wakingoja chumvi, nikawaambia wangoje. Nimeizidisha mwenyewe, 239 kwa 4649, mstari kwa mstari, mara ya kwanza nikakosea kubeba, mara ya pili ikatoka. Moja saba. Nilimwambia maalim akunje mkeka wake. Aliondoka kuelekea Migori, na kama amefika kwenu mwambie bado ana sufuria yetu.

Umeshinda kwenye hesabu. Furahi.

Idhini sitoi.

Sina namba tena ya kukuonyesha, na sitaki kutafuta nyingine. Sitoi kwa sababu sitoi. Kuna mambo mtu anayajua na hayaandiki. Ulilouliza kuhusu mstari niliouruka, usiulize tena, wala usimuulize mama yako. Usinilazimishe.

Abdurahman


Homa Bay, 14 Agosti 1966

Kwa Ami Abdurahman

Assalaam alaykum. Leo sina habari za mvua.

Nilipata likizo ya shule nikapanda mashua kwenda Mbita pamoja na Idris na dada yake, kumwamkia mama yao, Mama Filister. Alinipokea vizuri. Alitaka kujua kama nakula samaki mwenye magamba madogo na kama nitamkataza kwenda kanisani akija kututembelea. Nikamwambia la. Akasema basi, hayo ndiyo yaliyokuwa yakimnyima usingizi.

Asubuhi nilishuka ufuoni, wanawake wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyejifunga mtandio kichwani kwa namna ya bibi, mama yako, ncha moja nyuma ya sikio. Nilimwamkia kwa Kiswahili. Akanijibu kwa lafudhi ya nyumbani kwetu, ile aliyokuja nayo babu kutoka Barawa, ambayo huku ziwani hakuna anayeisema isipokuwa sisi.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Abdullah, wa Homa Bay."

Alitua beseni. "Abdullah yupo?"

"Alifariki mwaka wa sitini na mbili."

Alikaa juu ya jiwe. Nilidhani atalia, lakini aliuliza tena, "Na Abdurahman?"

"Yupo Isebania, ana duka."

"Bado anajikuna sikio akisema uongo?"

Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema, "Mimi Faduma. Dada yao."

Ami. Nilikula wali wa khitma yake. Nilikuwa na miaka saba, wanawake walijaa uani, bibi alilia mpaka akapoteza sauti, na wewe ulikuwa umerudi kutoka Mbita siku hiyo na vumbi miguuni, ukasema shangazi Faduma amekufa kwa homa na amezikwa hukohuko. Bibi aliiombea roho ya mtu aliyekuwa akianika samaki ng'ambo ya maji hayohayo anayotawadhia. Akafa akiamini.

Aliniambia yote, bila kupandisha sauti. Mumewe Nicanor alikufa maji. Ulitumwa kumrudisha nyumbani. Akakwambia haondoki bila Dolphine, binti yake, aliyekuwa ananyonya. Ukamwambia mtoto wa huko abaki huko. Akasema, "Basi na mimi ni wa huko." Hapo ndipo alipokufa, siyo?

Na kuhusu kurithiwa: kweli wazee walimtaka Maurice, kaka wa Nicanor, amchukue. Maurice alikuja akakaa mlangoni. Shangazi akamwambia, "Nenda kwa mkeo." Wazee walinuna mwaka mzima, wengine waliacha kumsalimia. Maurice aliondoka, na tangu siku hiyo, kila akirudi na samaki, fungu moja anatua kwake bila kuingia ndani. Haikuwa rahisi, hakunificha. Lakini waliomzika akiwa hai si watu wa visiwani.

Maalim wako alisema tasa wawili. Mjibu, popote alipo, kwamba hao wawili ndio waliozaa milioni moja na laki moja na kumi na moja elfu mia moja na kumi na moja. Namba zote zilizopo duniani zimezaliwa na hizo mnazoziita tasa. Mimi nimechoka na namba. Nimepoteza miezi nikipigana nawe uwanjani kwako, nikidhani ukishindwa utanipa haki yangu, kumbe hesabu ilikuwa pazia tu.

Nimeandika malalamiko kwa kadhi wa Kisumu. Walii anayezuia bila sababu ya sheria, kadhi humwondoa akasimama mahali pake. Utaitwa mwezi wa Oktoba.

Kultum


Isebania, 5 Septemba 1966

Kultum

Barua yako niliisoma nimesimama, nikafunga duka mchana.

Hujui ulichokigusa. Ulikuwa mtoto, unakula wali. Hukuwa kwenye mashua ile wakati wa kurudi, wala hukusimama mbele ya baba yangu, aliyeniambia nisivuke kizingiti bila huyo niliyetumwa kumleta. Baba alikuwa ameshika fimbo.

Kwa kadhi nitakuja. Nitasema hapana mbele yake kama ninavyoisema hapa. Usije na mama yako, goti lake halifai kwa safari ya meli. Na jina ulilolitaja, usilitaje tena kwenye barua inayoingia nyumbani mwangu. Watoto wangu hawalijui.

Abdurahman


Homa Bay, 20 Novemba 1966

Kwa Ami Abdurahman

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu. Alipofahamu, alitoa sandukuni kanga mbili za Faduma alizokuwa amezihifadhi tangu msiba, akanipa nizipeleke Mbita. Nondo walikuwa wamekula moja.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka kabla ya kumalizika, na sitaki uhadithiwe na watu wa melini.

Ya mwanzo uliyasikia mwenyewe. Kadhi alikuuliza kama bwana arusi ana dosari, ukasema hana. Ni Mwislamu? Ni Mwislamu. Ana kazi? Anayo. Ile namba uliyoiandika Machi, bado unaishikilia? "Namba ilikwisha," ukasema. "Idris sina ugomvi naye." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lake kinywani mwako, nami hasira ilinipanda upya, kwa kuwa lilitoka kirahisi hivyo. Kadhi akasema, "Sasa unamkatalia nini?" Ukasema, "Sitaki." Naye akasema kutotaka kwako si sababu.

Ndipo mlango ulipofunguliwa. Naapa shangazi sikumleta. Nilimwambia abaki gatini na Dolphine mpaka tumalize. Alikuja mwenyewe, na ulipomwona ulishika kofia yako ukapita karibu naye bila kumgusa, ukatoka.

Kadhi akamuuliza, "Mama, wewe ni nani kwenye shauri hili?"

Shangazi akasema, "Mimi ndiye marehemu."

Kadhi aliweka kalamu chini. Akamtaka aeleze, akaeleza kwa maneno machache, hakukutukana. Nilitamani akutukane. Kadhi akauliza kama anataka shauri dhidi yako liandikwe. Akasema, "La. Yule ni mdogo wangu. Alikuwa muoga wa baba tangu anatambaa. Nilimwogesha mimi, nitamgombeza mimi, si serikali."

Sikuelewa, Ami, na mpaka sasa sielewi. Mimi ningekuandika, na tungetoka pale jina lako likiwa limekauka kwenye wino. Njiani nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Wewe una hasira ya miezi minane. Yangu ina miaka kumi na saba, imeshajifunza kukaa chini."

Kadhi alisimama kuwa walii. Tulifunga ndoa palepale baada ya adhuhuri, Idris akiwa na shati la kazi kwa sababu hatukutegemea iwe siku ileile. Mama Filister alikuja na meli iliyofuata, akakasirika kwamba hatukumngoja, akapika hata hivyo. Dolphine aliimba kwa Dholuo. Yeye pia anasomea ualimu, upande wa Oyugis, na ana paji la uso la bibi. Ungekuwepo ungemtambua bila kuonyeshwa.

Sijakusamehe. Nasema wazi usije ukadhani kwamba ndoa imeyafuta. Ulinitangazia kwamba mimi nitabaki peke yangu, na kumbe wewe ndiye uliyekuwa unajua jinsi mtu anavyoachwa peke yake. Lakini shangazi amenituma, na ujumbe wa mkubwa haukatwi. Amesema hivi: anakaa nyumba ya tatu kutoka ufuoni, yenye mti wa mlimao. Hatakuita mara ya pili.

Kultum


Isebania, 27 Desemba 1966

Kultum

Waalaykumu salaam. Huku hatujambo. Saumu mwaka huu imeangukia kwenye joto, na kila mtu anakuwa mkali kabla ya magharibi, nami zaidi yao.

Siandiki kukupongeza. Umenipeleka mbele ya kadhi, mtoto wa kaka yangu, na watu wa Kisumu wamenitazama kama mwizi wa kuku. Hilo sitalisahau, na wewe usitegemee nitalisahau. Mume umempata. Mtunze.

Sehemu iliyobaki ya karatasi hii si yako. Msomee ambaye hajui kusoma, na usiongeze neno.

Faduma. Mimi ndiye ninayeandika. Usinitake nieleze, sina la kueleza. Bado nimekukasirikia. Ulikaa mlangoni na mtoto kifuani ukachagua, ukaniacha na ziwa zima la kuvuka nikitafuta neno la kumwambia baba, na neno nililolipata ndilo hilo. Miaka yote hii nikipita njia ya Homa Bay nageuza uso nisiyaone maji. Nimechoka kugeuza uso.

Idi ikiisha nitafunga duka nije Mbita. Sitaki kuchinjiwa, sitaki watu waitwe. Nitakaa nje pale mnapoanika samaki. Njoo unigombeze, nakuja kwa hilo. Ukimaliza, kama jua bado lipo, nionyeshe mtoto.

Mdogo wako,
Abdurahman